Pawa saplai na kidhibiti cha kuzima kwa kompyuta ya gari: nichague vipi?

Mwanagenzi aliuliza:

Wakuu, salamu zenu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa. Nimefunga kompyuta ndogo kwenye buti la gari, yenye ubao mama wa mini-ITX (aina ndogo ya ubao mkuu wa kompyuta) na diski ya SSD, na skrini ya inchi 10 nimeiweka kwenye dashibodi. Kazi yake ni ramani, muziki, kamera ya nyuma na kurekodi taarifa za injini. Nimepima matumizi yake: ikitulia hutumia wati 28, na inapowaka au inapofanya kazi nzito hufika wati 60 pamoja na skrini.

Mwanzoni niliiunganisha kwa konveta ya kawaida (kifaa cha kubadilisha volti) kwenye waya wa redio, ule unaopata umeme ufunguo unapogeuzwa hatua ya kwanza. Matokeo yake, kila nilipopiga stata kompyuta ilijizima na kuanza upya, na kila nilipozima gari umeme ulikatika ghafla huku diski ikiwa bado inaandika. Mara mbili mfumo endeshi ulikataa kuwaka na nikalazimika kuusakinisha upya. Nikaamua kuihamishia kwenye waya unaotoka moja kwa moja kwenye betri, nikawa naiacha katika hali ya usingizi badala ya kuizima. Siku ya nne bila kutumia gari, stata ilikataa kabisa na ikabidi nisaidiwe kwa betri ya gari jingine.

Sasa naona njia tatu. Ya kwanza ni kununua inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na kutumia adapta ya kawaida ya ukutani. Ya pili ni kununua pawa saplai iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, yenye kidhibiti cha kuzima ndani yake. Ya tatu ni kutumia konveta nzuri na kujitengenezea kidhibiti kwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kwa kuwa kuandika programu ndogo si tatizo kwangu. Ningependa kujua ninapaswa kutazama vipimo gani, na muda wa kusubiri kabla ya kukata umeme uwe kiasi gani.

Waya Mwekundu alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, umeeleza vizuri na umepima kabla ya kuuliza, kwa hiyo tunaweza kuzungumza kwa namba. Kabla ya kufika kwenye vifaa, naomba tukubaliane juu ya jambo moja ambalo likieleweka mengine yote hufuata: waya wa ufunguo haupaswi kuilisha kompyuta. Kazi yake ni kuipa habari tu kwamba dereva amefika au ameondoka. Chakula kinatoka kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi, na kati ya hivyo viwili anakaa mlinzi, yaani kidhibiti, anayesikiliza habari na kuamua lini mlango ufunguliwe na lini ufungwe. Katika jaribio lako la kwanza uliulisha mzigo kwa waya wa habari, na katika la pili uliulisha kwa waya wa betri bila mlinzi yeyote. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja.

Sasa tutazame umeme wenyewe. Tunasema gari ni la volti 12, lakini namba hiyo ni jina tu. Betri iliyojaa na kupumzika ina takriban volti 12.7, injini ikinguruma altaneta, yaani jenereta ya gari, huipandisha hadi kati ya volti 13.8 na 14.4, na unapopiga stata, hasa asubuhi ya baridi au betri ikiwa imezeeka, volti hushuka hadi 9, 8, na hata karibu na 6 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hapo ndipo konveta yako ilipokuwa ikianguka, kwa sababu konveta inayoweza kushusha volti tu haiwezi kutoa volti 12 ikiwa inayopokea ni 7. Unahitaji aina inayoweza kushusha na kupandisha, na mahali pa kuithibitisha ni kwenye karatasi ya vipimo, penye safu ya volti za kuingia. Ikiandikwa kuanzia 6, umefika. Ikiandikwa kuanzia 9 au 10, iache, hata kama wati zake ni nyingi kuliko za nyingine.

Upande wa juu nao una hatari zake. Waya wa betri ukilegea wakati altaneta inachaji kwa nguvu, volti hurukia juu mara moja. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme vya magari, ISO 16750-2, kinazungumzia mruko wa volti 79 hadi 101 katika mfumo wa volti 12 usio na kinga, unaodumu kati ya milisekunde 40 na 400. Altaneta nyingi za siku hizi zina kinga ndani yake inayouzuia mruko huo usipite takriban volti 35, lakini anayeokolewa kwa lori la volti 24 hupata volti hizo kwa dakika nzima, na hapo kifaa chenye kikomo cha volti 18 huungua. Pawa saplai nzuri inakuwa na diodi ya kunyonya miruko pamoja na kinga dhidi ya kugeuza chanya na hasi.

Kuhusu njia ya kwanza, ya inveta, nakushauri uiache. Unachukua volti 12, unazipandisha hadi volti za ukutani, kisha adapta inazishusha tena hadi 12 au 19, na katika kila hatua unapoteza joto. Inveta ikiwa na ufanisi wa asilimia 85 na adapta asilimia 88, unabaki na asilimia 75 hivi. Tena inveta nyingi hujizima zenyewe volti zikishuka chini ya takriban 10.5, yaani wakati wa stata hasa, na hakuna chochote ndani yake kinachojua habari za ufunguo.

Kwa njia ya pili, vifaa vya aina hii vipo kwa muda mrefu. Kwa mfano, pawa saplai iitwayo M2-ATX hupokea volti 6 hadi 24 na hutajwa kuwa ya wati 160. M4-ATX hupokea volti 6 hadi 30 na hufika wati 250. Zote zina kidhibiti ndani. Kwa mzigo wako wa wati 60 yoyote kati ya hizo inatosha, ila tambua kwamba wati zinazotajwa ni za volti za kawaida. Volti zinapokaribia 6 uwezo hupungua sana, kwa hiyo anayehitaji wati 60 asinunue kifaa cha wati 65 akadhani ameokoa. Usije pia ukachanganya hizi na picoPSU ya kawaida, ambayo ni ndogo na inavutia machoni lakini inahitaji volti 12 zilizokwisha kutulizwa, kwa kuwa volti 12 zake zinapita tu hadi kwenye ubao mama bila kurekebishwa. Nimewaona watu wawili wakiifunga kwenye gari na kushangaa diski zao zinakufa.

Fundi wa Taa alijibu:

Nakubaliana na Waya Mwekundu, nami niongeze habari ya nyaya, kwa sababu pawa saplai nzuri mwishoni mwa waya mwembamba ni sawa na pawa saplai mbovu.

Mzigo wa wati 60, konveta ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, unavuta wati 67 kutoka kwenye betri. Injini ikinguruma kwa volti 13.8 hiyo ni takriban ampea 4.8, na waya wowote unaonekana kutosha. Lakini konveta haipunguzi mahitaji yake volti zinaposhuka. Inavuta ampea zaidi ili kufidia. Kwa volti 7 ampea zinakuwa 9.5. Ndugu yetu ameiweka kompyuta kwenye buti, na betri nadhani iko mbele chini ya boneti, kwa hiyo tuhesabu mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kwa urefu huo una ukinzani wa takriban omu 0.117, na kwa ampea 9.5 unapoteza volti 1.1 njiani. Volti 7 zilizoondoka kwenye betri zinafika 5.9, na pawa saplai iliyoandikwa kuanzia 6 inaanguka ingawa haina kosa. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba upotevu ni volti 0.4 tu. Mtu anaweza kubadilisha pawa saplai tatu bila kugundua kwamba mgonjwa alikuwa waya.

Fyuzi iwe karibu kabisa na nguzo ya chanya ya betri, si upande wa kompyuta. Fyuzi inalinda waya usiwake moto ukichubuka na kugusa bodi ya gari mahali fulani katikati ya hizo mita 5, na ikikaa mwisho wa safari hailindi kitu. Kwa mzigo huu ampea 15 zinatosha. Waya ukipita kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, upitishe ndani ya mpira, kwa sababu ukingo wa bati unakata polepole kwa mtikisiko na siku utakapofika kwenye shaba hutakuwa na onyo.

Hasi ya kompyuta, ya skrini na ya kikuza sauti iende kwenye sehemu moja ya bodi, iliyokwanguliwa rangi hadi bati linang'aa. Zikitawanyika, utasikia mlio mwembamba kwenye spika unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, nao ni mgumu kuuondoa baadaye.

Mwanagenzi aliandika tena:

Nawashukuru nyote wawili. Jana jioni nimefanya majaribio. Nimeweka multimita kwenye nguzo za betri katika hali ya kushika kiwango cha chini kabisa, nikapiga stata mara tatu, na nikapata 8.1, 7.9 na 8.2. Kisha nikapima mwisho wa waya kule kwenye buti kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito, nikapata 7.0. Waya wangu ni wa milimita 1.5 kweli, na fyuzi iko kwenye buti. Nitavibadilisha vyote viwili.

Kuna rafiki amenishauri nibaki na konveta yangu ya zamani, nifunge diodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita kubwa (inayohifadhi umeme kwa muda mfupi) mbele yake, ili kapasita ilishe kompyuta wakati stata inazunguka. Je, ni wazo zuri? Pia bado natamani kujitengenezea kidhibiti, na ningependa kujua mitego yake kabla sijaanza.

Kipima Mkondo alijibu:

Nianze na kapasita. Multimita za kawaida husoma mara chache kwa sekunde, kwa hiyo bonde lako halisi huenda ni la chini kuliko 7.0, ingawa limedumu kitambo kidogo. Tuchukulie konveta yako inahitaji angalau volti 9, na kwamba stata inazunguka kwa sekunde moja. Kwa zile wati 67 za Fundi wa Taa, unahitaji jouli 67. Kapasita iliyojaa volti 12 na kuruhusiwa kushuka hadi 9 inatoa nusu ya faradi mara tofauti ya miraba, yaani nusu ya 144 kutoa 81, ambayo ni jouli 31.5 kwa kila faradi. Unahitaji zaidi ya faradi 2, na tena diodi itakuwa imekwisha kula sehemu ya volti hata kabla hujaanza. Kapasita za ukubwa huo huja kwa seli za volti 2.7, kwa hiyo ni seli sita kwa mfululizo, pamoja na vifaa vya kuzisawazisha, pamoja na rizista ya kuzuia mkondo mkubwa wa kujaza mara ya kwanza usiyeyushe fyuzi. Linawezekana, lakini ukimaliza utakuwa umetumia kazi nyingi kuilinda konveta isiyofaa. Nunua inayoanzia volti 6.

Sasa kidhibiti. Kwa nje kinaonekana rahisi: ufunguo ukiwashwa, subiri sekunde chache stata ipite, fungua umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu sekunde kupitia relei ndogo au transista, ufunguo ukizimwa, subiri kidogo, bonyeza kitufe tena, subiri kompyuta ijizime, kata umeme. Kila mtu huandika programu hiyo kwa jioni moja nayo hufanya kazi mezani. Kwenye gari inashindwa, na nitaeleza wapi.

Mtego wa kwanza ni stata. Katika magari mengi waya wa hatua ya kwanza hupoteza umeme kabisa wakati ufunguo uko kwenye stata, na kidhibiti kinadhani dereva ameondoka. Kabla ya kuamini kwamba ufunguo umezimwa, subiri angalau sekunde 5 hadi 10 mfululizo. Ukiweza, chagua waya wa injini yenyewe, ule ambao katika michoro ya magari yanayofuata namba za Kijerumani huitwa 15, kwa sababu huo unabaki na umeme hata stata ikizunguka.

Mtego wa pili ndio uliowatesa wengi, na mimi nilipoteza wiki mbili nikiutafuta. Dereva anazima gari, kompyuta inapokea amri ya kujizima, na sekunde 20 baadaye, kompyuta ikiwa katikati ya kujizima, dereva anarudi na kuwasha tena. Programu ya kawaida inaona ufunguo umewashwa na kubonyeza kitufe. Kompyuta iliyo katikati ya kujizima inalipuuza bonyezo hilo, inaendelea kujizima, na sasa una kidhibiti kinachoamini kompyuta imewaka na kompyuta iliyozimika, na hali hiyo haiishi hadi gari lizimwe tena. Dawa yake ni kwamba safari ya kuzima ikishaanza haigeuzwi njiani. Kidhibiti kiisubiri hadi mwisho, kikate umeme kwa sekunde mbili au tatu ili kapasita za ubao mama zimwagike, kisha ndipo kitazame ufunguo upya na kuanza safari ya kuwasha.

Hapo unaona kwamba kidhibiti lazima kijue kwa hakika kompyuta imezima. Kuhesabu sekunde pekee ni kubahatisha. Njia nzuri ni kutazama umeme wa taa ya kuwaka iliyo mbele ya kasha, kwenye pini za ubao mama. Watu wengi hutazama umeme wa tundu la USB, na ubao mama mwingi huacha matundu ya USB yakiwa na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa hiyo kidhibiti kinasubiri milele. Pima kwanza. Kwa anayetumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, jambo hili ni rahisi zaidi, kwa sababu mfumo wake una mpangilio uitwao gpio-poweroff ambao hupandisha pini moja mwishoni kabisa mwa kujizima, na kidhibiti kinasoma pini hiyo. Ila huyo azingatie kwamba Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3 kamili, na kwamba ikishuka hadi takriban volti 4.63 huanza kulalamika, kwa hiyo konveta yake iwe karibu na ubao badala ya mwisho wa waya mrefu wa USB.

Pamoja na ishara hiyo, weka kikomo cha muda kama akiba, kwa maana kompyuta inaweza kuganda. Pima kujizima kwako mara kumi na uchukue muda mrefu zaidi. Kama ni sekunde 25, usiweke kikomo cha 30. Mfumo wa Windows ukiamua kusakinisha masasisho wakati wa kujizima unaweza kuchukua dakika kadhaa, na kukatiwa umeme hapo ndiko kunakoua usakinishaji. Mimi nimeweka dakika 5, na sijutii.

Jambo dogo lakini la lazima: hakikisha bonyezo la kitufe linaamuru kuzima. Katika Windows hupangwa kwenye mipangilio ya umeme, na kwenye Linux nyingi ni mstari wa HandlePowerKey katika mipangilio ya logind, huduma inayoshughulikia kitufe hicho. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kuingia usingizini, na kidhibiti kikikata umeme wa kompyuta iliyosinzia, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinapotea.

Kuhusu relei ya kukata umeme, tambua kwamba relei nyingi za gari zinahitaji takriban volti 8 ili zivute, ingawa zikishavuta hushikilia kwa volti za chini zaidi. Usiiamuru ivute wakati stata inazunguka. Weka diodi sambamba na koili yake, vinginevyo mruko wa koili utaifanya maikrokontrola ianze upya, nawe utalaumu programu yako bure.

Betri Kongwe alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na naona sehemu ya betri imepewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili, ilhali ndiyo iliyomkwamisha mwenzetu siku ya nne.

Hesabu ya tukio hilo ni hii. Kompyuta iliyosinzia pamoja na konveta yake, tuseme inatumia wati 2.4, ambazo kwa volti 12 ni ampea 0.2, yaani ampea-saa 4.8 kwa siku. Gari lenyewe lina saa, kengele ya wizi na kumbukumbu za redio, na miliampea 40 si jambo la ajabu. Hiyo ni karibu ampea-saa 1 zaidi. Betri ya ampea-saa 60 iliyozeeka ikabaki na 45 hupoteza nusu ya ujazo wake baada ya siku nne, na betri ya stata iliyobaki nusu, tena kongwe, inaweza kukataa kazi. Kwa hiyo hakuna maajabu katika lililotokea.

Ndiyo maana ninaangalia jambo ambalo wauzaji hulificha kwenye ukurasa wa mwisho: kidhibiti chenyewe kinatumia kiasi gani kompyuta ikiwa imezimwa kabisa. Chini ya miliampea 10 ni vizuri. Konveta yenye taa ya bluu inayowaka saa zote na kutumia miliampea 60 inaweza kuiangusha betri ndani ya wiki chache hata kama kompyuta haijaguswa. Kwa anayejitengenezea, maikrokontrola ilazwe usingizi na kuamshwa na waya wa ufunguo, na kipunguza volti kinachoilisha kiwe cha aina isiyokula yenyewe. Vile vya zamani vya 7805 hutumia miliampea kadhaa bila kufanya lolote.

Lingine ni kikomo cha chini cha volti. Vifaa vingi hutoka vikiwa vimepangwa kukata kwenye takriban volti 11, na watu hudhani kwamba betri imelindwa. Betri iliyopumzika yenye volti 12.2 imebaki takriban nusu, na yenye 12.0 imebaki takriban robo. Kwenye 11 imekwisha. Kikomo hicho kinaweza kuiokoa kompyuta isipate volti mbaya, lakini hakikupi uwezo wa kuwasha gari. Ukitaka kompyuta iendelee kufanya kazi injini ikiwa imezimwa, weka kikomo kati ya 11.8 na 12.0 chini ya mzigo, na kidhibiti kihitaji kuona volti hizo kwa dakika nzima kabla ya kuchukua hatua, la sivyo kila stata itahesabiwa kuwa betri imekufa. Na kikishakata, kibaki kimekata hadi ufunguo uwashwe upya. Ukiondoa mzigo, volti za betri hupanda zenyewe kwa sehemu ya volti, na kidhibiti kisicho na subira kitadhani betri imepona, kitawasha, zitashuka, kitakata, na kitarudia mchezo huo hadi asubuhi.

Mwisho, tahadhari dhidi ya vidhibiti visivyo na waya wa ufunguo, vinavyokisia kwamba injini inafanya kazi kwa kuona volti zimepita 13.2. Katika magari ya zamani vilifaa. Magari mengi mapya yana altaneta inayoongozwa na kompyuta ya injini, nayo hupunguza kuchaji ili kuokoa mafuta, kiasi kwamba unaweza kuwa barabarani huku betri ikionyesha volti 12.5. Kidhibiti cha namna hiyo kitakuzimia ramani katikati ya safari.

Waya Mwekundu alijibu:

Betri Kongwe amesema kweli, nami nakiri sikuligusa suala la volti 11. Natofautiana naye kidogo mahali pamoja tu. Kwa anayesimama mara nyingi kwa muda mfupi, kuzima kabisa kila mara kunachosha, na hapo naona afadhali muda wa kusubiri baada ya ufunguo uongezwe hadi dakika 10 au 15 kabla ya amri ya kuzima. Kwa wati 28, robo saa ni chini ya ampea-saa 0.7, ambayo altaneta huirudisha haraka. Muda huo pia unaupunguza ule mtego wa pili wa Kipima Mkondo, kwa sababu dereva anayerudi baada ya dakika tatu anaikuta kompyuta bado iko macho na hakuna safari ya kuzima iliyoanza.

Mwanagenzi aliandika tena:

Wakuu, nimerudi na matokeo. Nimenunua pawa saplai ya volti 6 hadi 30 yenye kidhibiti ndani yake, na nimeliacha wazo la kujitengenezea, kwa kuwa baada ya kusoma ile habari ya dereva anayerudi katikati ya kuzima niliandika programu yangu mara tatu na mara zote niliweza kuikwamisha. Kabla ya kulipa nilihakikisha kwamba kifaa nilichochagua kinaimaliza safari ya kuzima kabla ya kutazama ufunguo upya. Nimekijaribu kwa kuzima na kuwasha kila baada ya sekunde 5, 10, 20 na 40, nacho hakijakwama hata mara moja.

Waya sasa ni wa milimita 4 za mraba, fyuzi ya ampea 15 iko kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo ya betri, na hasi zote tatu ziko kwenye boliti moja. Nikipiga stata kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito, multimita kule kwenye buti inaonyesha 7.6 badala ya 7.0, na skrini haitikisiki. Kila kitu kikizimwa, pawa saplai na kidhibiti vinatumia miliampea 7. Kikomo cha chini kilikuja kikiwa 11.2, nimekipandisha hadi 11.9, na muda wa kusubiri baada ya ufunguo nimeuweka dakika 10.

Limebaki jambo moja ambalo bado nalifuatilia. Kompyuta yangu hujizima kwa sekunde 22, isipokuwa mara moja kati ya takriban kumi ambapo huchukua karibu dakika 2, na nimegundua ni programu ya kurekodi taarifa za injini inayosubiri adapta ya bluetooth ijibu wakati gari limekwisha zimwa. Kikomo cha akiba nimekiacha dakika 5 kama alivyosema Kipima Mkondo, kwa hiyo haikatiwi umeme. Wiki hii nitaiandika upya programu hiyo ili ifunge faili zake mara tu ufunguo unapozimwa, kwa kusoma waya ule ule wa habari kupitia pini ya pili ya kidhibiti, badala ya kungoja amri ya kuzima dakika 10 baadaye.